Mita tatu za LUKU (umeme wa kulipia kabla) nyumba moja Ngamiani, Tanga: kodi ya majengo tunajipangaje?

Binti wa Ngamiani:
Shikamooni wakubwa. Nyumba ya mama ni ya chini, haina ghorofa, ina mita tatu: yake mbele, mbili za wapangaji uani. Mwaka 2021 makato ya kodi ya majengo kwenye LUKU yalianza shilingi 1,000 kwa mwezi, tangu Julai 2023 ni 1,500, na mita zote zinakatwa. Mama ana miaka 71. Ikipanda tena tutafanyaje?

Bi Mkubwa Raskazone:
Marahaba mwanangu. Kodi ni ya jengo, si ya mita! Nyumba ya chini ni 18,000 kwa mwaka, nyie mnatoa 54,000. Andika namba zote tatu, nenda ofisi inayosimamia kodi ya majengo na vielelezo vya umiliki, uombe ikatwe mita moja tu. Meseji za LUKU msifute, makato yameandikwa humo. Wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na kipato wana msamaha kwa nyumba wanayoishi, ila mama anapokea kodi ya vyumba. Lielezeni hilo wazi. Pango la ardhi, yaani la kiwanja, ni deni jingine kabisa, LUKU hailipi.

Fundi wa Makorora:
Wapangaji nao wasionewe. Aliyekatwa arudishiwe kwenye kodi ya chumba. Na mita isiyonunuliwa umeme deni lake linalimbikizwa, chumba kikikaa tupu angalieni sana.

Binti wa Ngamiani:
Ahsanteni mno. Na tukipandisha ghorofa?

Bi Mkubwa Raskazone:
Hapa jijini ni 90,000 kwa mwaka kila sakafu. Pigeni hesabu kabla ya kununua nondo.