Mkopo umetoka, usajili umekwama: huu mtego wa ada vyuoni utaisha lini?

Wakuu, habari za jioni.

Kila mwaka majina yakitoka, mtaani linasikika neno moja: "Mtoto wa fulani kapata mkopo." Hongera zinamiminika, mzazi anashusha pumzi, ndugu waliokuwa wameahidi kuchangia wanaona kazi imekwisha. Vyuo vikifunguliwa, mtoto yuleyule amesimama nje ya dirisha la uhasibu, hajasajiliwa, na hakuna aliyemweleza mapema kwamba itakuwa hivyo. Inauma zaidi kwa sababu ni jambo linalojulikana na linalojirudia.

Tuweke hesabu mezani. Mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu una mafungu: chakula na malazi, ada ya mafunzo, vitabu na viandikwa, mahitaji maalumu ya kitivo, mafunzo kwa vitendo na utafiti. Fungu la ada linapangwa kwa asilimia, kulingana na uwezo wa familia, na linakwenda moja kwa moja chuoni. Chukua kozi ya ada 1,500,000 kwa mwaka. Aliyepangiwa asilimia 40 analipiwa 600,000. Laki tisa zilizobaki ni mzigo wake. Kama chuo kinapokea ada nusu kwa nusu, muhula wa kwanza aje na 450,000. Weka bima ya afya ya mwanafunzi, ambayo kwa miaka mingi imekuwa 50,400, na ada ya udhibiti ubora ya TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania), 20,000. Hapo ni 520,400, bado kitambulisho na mchango wa serikali ya wanafunzi. Michango hii haina fungu lake kwenye mkopo. Asiyejiandaa anaigundua siku ya kuripoti.

Sasa mtego wenyewe. Bumu, yaani ile pesa ya chakula na malazi, linakuja kwa robo. Kuanzia mwaka wa masomo 2022/23 ni 10,000 kwa siku, kabla yake ilikuwa 8,500, kwa hiyo robo ya siku 60 ni 600,000 kwa aliyepewa kwa ukamilifu. Ili bumu liingie, mwanafunzi asaini kulipokea. Ili asaini, awe amesajiliwa. Ili asajiliwe, awe amelipa. Na mtoto wa mkulima ambaye hajauza mazao hana pesa nyingine ya kulipia zaidi ya hilohilo bumu! Matokeo yake anakopa kwa watu, mara nyingi kwa riba, anasajiliwa, bumu likiingia anarudisha. Hata kama mkopeshaji hakutoza riba, ukitoa 520,400 kwenye laki sita zinabaki 79,600. Gawanya kwa siku 60: shilingi 1,326 kwa siku, kula humo, nauli humo, kutoa nakala humo. Halafu tunashangaa watu wana sapu nne, yaani mitihani minne ya kurudia.

Vyuo vina uwezo wa kulitatua hili bila kusubiri sheria mpya. Jina la mwanafunzi likiwa kwenye orodha ya waliopangiwa mkopo, asajiliwe kwa muda, asaini, kisha apewe tarehe ya kumaliza sehemu yake ya ada kabla ya mitihani. Vipo vyuo vinavyopokea barua ya mzazi ya kuahidi kulipa kidogo kidogo, lakini utaratibu huo haubandikwi ubaoni wala haumo kwenye barua ya udahili. Anaufahamu mwenye kaka chuoni. Kwa nini iwe siri? Barua ya udahili ina ukurasa mzima wa akaunti za malipo. Mstari mmoja wa kueleza namna ya kuomba kulipa kwa awamu ungewanusuru wengi.

Wanaoendelea na masomo nao wana balaa lao. Mkopo wa mwaka wa pili hauji wenyewe, unasubiri chuo kipeleke matokeo kuthibitisha kwamba mhusika amevuka mwaka. Idara moja ikichelewesha alama za somo moja, jina linabaki nje ya orodha na robo ya kwanza inapita. Mwanafunzi amefaulu, aliyechelewa ni mtu wa ofisini, anayelala njaa ni mwanafunzi. Aliyehama chuo au kuahirisha mwaka ahakikishe kwa maandishi kwamba afisa mikopo ametoa taarifa, asiridhike na jibu la "tumeshatuma".

Kwa wanaojiandaa kuomba, hapa ndipo wengi wanapoangukia. Ada ya maombi ni 30,000 na hairudishwi, kwa hiyo usilipe kabla nyaraka hazijakaa sawa. Jina kwenye cheti cha kuzaliwa lifanane na la cheti cha kidato cha nne, herufi kwa herufi. Tofauti ya "Mohamed" na "Mohammed" inatosha kukukwamisha. Cheti cha kuzaliwa, na cha kifo kwa aliyefiwa na mzazi, kihakikiwe RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, mapema, maana dirisha likikaribia kufungwa foleni ya uhakiki inakuwa ndefu. Tumia namba ileile ya mtihani wa kidato cha nne kila mahali. Fomu ikishachapwa inahitaji saini yako, ya mdhamini, ya serikali ya mtaa au kijiji, na ya wakili au hakimu. Kosa linalowaponza wengi ni kusainiwa kila kitu, kisha kupakia kurasa zenye giza zisizosomeka, au kusahau mhuri wa mtendaji. Na kama ulisoma sekondari ya binafsi kwa kufadhiliwa, ambatisha uthibitisho wa mfadhili. Bila huo, ada ile inahesabika kama uwezo wa mzazi wako, na asilimia inashuka. Dirisha la rufaa lipo, lakini majibu yake yanakukuta masomo yameshaanza, na chuo hakisubiri.

Upande wa marejesho nitasema kifupi. Tozo ya asilimia 6 kwa mwaka ya kulinda thamani ya mkopo ilifutwa 2021, na hilo lilistahili. Mwenye deni la 12,000,000 alikuwa akiongezewa 720,000 mwaka wa kwanza, wakati makato yake kwa mshahara wa msingi wa 800,000 kwa mwezi ni 1,440,000 kwa mwaka. Nusu ya jasho lake ilikuwa inaliwa na tozo. Lakini makato yenyewe bado ni asilimia 15 ya mshahara wa msingi, kutoka asilimia 8 ya kabla ya marekebisho ya sheria ya 2016. Mshahara wa msingi, si kinachobaki mkononi! Kwa mfano huohuo ni 120,000 kila mwezi kwa miezi 100, mbali na kodi na mfuko wa hifadhi ya jamii.

Wapo pia waajiri wanaokata na wasiwasilishe. Kwenye hati ya mshahara makato yanaonekana, kwenye akaunti ya mkopo deni halishuki. Tunza hati zote, linganisha na taarifa ya deni kila baada ya miezi mitatu. Ukisubiri miaka mitano, kampuni inaweza kuwa imefungwa na huna pa kudai.

Maafisa mikopo mliomo humu, naomba mtujibu bila kuzunguka: ni chuo gani chenye utaratibu wa kumsajili kwa muda mwenye mkopo wa asilimia, na fomu yake inachukuliwa ofisi ipi? Wekeni hapa, watoto wanaripoti karibuni.