Kipeperushi kimoja cha kuchapwa na cha tovuti: rangi, nyeusi, nembo na picha niandaeje?

kalamu_na_gridi

Habari zenu wadau. Nina kazi ya kipeperushi cha A5, pande mbili, nakala 2,000 za ofseti kwenye karatasi ya kung'aa. Mteja anataka tangazo hilohilo lionekane pia kwenye tovuti yake, na wasomaji wake wengi wanatumia simu. Upande wa mbele una mandharinyuma nyeusi inayofika hadi ukingoni, maandishi madogo meupe, na picha moja kubwa. Rangi ya kampuni ni bluu #0000FF. Nembo niliyopewa ni JPEG yenye upana wa pikseli 400, na kwenye karatasi inatakiwa iwe na upana wa sm 6.

Ninatumia Inkscape na GIMP, Adobe sina. Naomba msaada kwa haya: hiyo bluu itatoka ilivyo? Nyeusi niiwekeje ili isitoke kijivu? Nembo hiyo inafaa au haifai? Na kwenye tovuti, nikipandisha kipeperushi chenyewe kama picha kuna ubaya gani?

---

pleti_nne

Mkuu, kabla hujafungua faili muulize mchapaji mambo mawili: anataka profaili gani ya rangi (faili linaloeleza rangi zitakavyotoka kwenye karatasi yake), na anapokea PDF/X-1a au PDF/X-4, aina mbili za PDF za uchapaji. X-1a haikubali uwazi wa matabaka wala RGB (rangi za skrini: nyekundu, kijani, bluu), kila kitu lazima kiwe kimeshageuzwa. X-4 inaruhusu uwazi ubaki. Akikuambia "leta yoyote", mpe X-1a, kwa sababu haiachi jambo lolote liamuliwe na mashine yake. Kwa karatasi ya kung'aa, akikosa jibu la profaili, ISO Coated v2 300% ni chaguo salama.

Bluu. #0000FF haitatoka ilivyo, na hakuna programu ya kuiokoa. Skrini inatoa mwanga, wino unaunyonya. Bluu ya namna hiyo kwenye karatasi inapatikana kwa kulaza majenta juu ya sayani, na ukiiacha programu igeuze yenyewe, majenta inapanda mno na unapata zambarau. Hakikisha majenta iko chini ya sayani kwa angalau pointi 30. Anza na C100 M70 Y0 K0 (asilimia za CMYK, yaani wino za sayani, majenta, njano na nyeusi), na ukiona bado inaelekea zambarau teremka hadi C100 M60. Kama kampuni haikubali tofauti yoyote, dawa ni wino maalumu wa Pantone, yaani pleti (bamba la kuchapia, moja kwa kila wino) ya tano na gharama yake. Mteja akubaliane na bluu hiyo kwa kuiona kwenye karatasi. Akiiona kwenye skrini tu, mtagombana siku ya kupokea mzigo.

Nyeusi ndiyo inayoharibu kazi nyingi, kwa hiyo hapa uwe makini sana. K100 peke yake ikijaza eneo kubwa hutoka kijivu kizito, hasa ikikaa jirani na picha. Kwa eneo kubwa lisilo na maandishi wengi hutumia C60 M40 Y40 K100, jumla 240%. Lakini wewe una maandishi madogo meupe ndani yake. Herufi hizo si wino, ni karatasi iliyoachwa wazi kwenye pleti zote nne, na pleti zikipishana hata sehemu ya kumi ya milimita, rangi moja inaingia ndani ya herufi na kuziba miguu yake. Tumia C60 K100: pleti mbili tu ndizo zinatakiwa kulingana, na nyeusi bado inakuwa na kina. Maandishi yenyewe yasiwe chini ya pointi 8, fonti isiyo na vijimkia, unene wa kati au zaidi. Fonti nyembamba sana usiiweke hapo kabisa.

Upande wa nyuma, kama una maandishi meusi juu ya karatasi nyeupe, ni K100 tupu bila kingine chochote.

Inkscape inafanya kazi kwa RGB, kwa hiyo usitoe PDF ya mchapaji kutoka humo. Chora humo, halafu panga ukurasa kwenye Scribus, ambayo ni ya bure na inatoa CMYK halisi:

Fungua waraka wa mm 148 × 210 na uweke blidi (ziada inayokatwa) mm 3 kila upande. Mandharinyuma na picha zivuke mstari wa kukata hadi mwisho wa hiyo blidi. Kisu kikiyumba kidogo hakutabaki uzi mweupe ukingoni. Maandishi na nembo vikae ndani ya mstari wa kukata kwa mm 5 au zaidi. Kisha washa usimamizi wa rangi, chagua profaili ya mchapaji, ingiza SVG yako. Hapa pana mtego: nyeusi ya Inkscape inaingia kama RGB #000000, na ikigeuzwa wakati wa kutoa PDF inagawanyika kuwa wino nne. Fungua orodha ya rangi ya waraka, pitia moja moja, badilisha kila RGB kuwa CMYK kwa namba zako mwenyewe. Rangi inayoitwa Registration usiiguse, hiyo ni 400% na ni ya alama za kukatia tu.

Picha ya GIMP iache RGB yenye profaili ya sRGB ndani yake. Scribus itaigeuza wakati wa kutoa PDF.

Mwisho fungua onyesho la kabla ya kuchapa, zima sayani, majenta na njano. Maandishi meusi yote yabaki kamili. Sasa zima nyeusi tu na uwashe zile tatu: maandishi meusi yakionekana hata kwa kivuli, kuna mahali umeacha RGB. Humohumo unaweza kuangalia jumla ya wino. Kwa karatasi ya kung'aa usivuke 300%. Ikizidi, wino hauwahi kukauka na karatasi zinachafuana zikilazwa kwenye rundo.

---

njia_ya_vekta

Nijibu la nembo. Pikseli 400 kwa sm 6 ni kama pikseli 169 kwa inchi. Picha ya kawaida ingevumilika kidogo, nembo haivumiliki, kwa sababu kingo zake ni kali na jicho linaona ngazi mara moja. Kwa pikseli 300 kwa inchi, kipimo cha kawaida cha kuchapa, nembo hiyo ina haki ya sm 3.4 tu. Na ukiikuza kwenye GIMP hadi ifike 300 hujaongeza chochote, umetandaza ukungu uleule kwenye pikseli nyingi zaidi.

Kabla ya kuchora upya, mwombe mteja PDF yoyote ya zamani: barua yenye kichwa cha kampuni, ankara, ripoti, kadi ya biashara. Mara nyingi nembo ya vekta (mchoro wa mistari, si pikseli, usioharibika ukikuzwa) imelala humo bila yeye kujua. Ifungue na ukuze hadi 800% na zaidi. Kingo zikibaki safi, ni vekta. Ingiza ukurasa huo kwenye Inkscape, vunja makundi, uitoe nembo. Zikionekana ngazi, ni picha iliyobandikwa tu. Na mwambie akutumie kama faili la waraka, si kama picha ya WhatsApp, maana picha hubanwa njiani.

Ikikosekana, chora kwa mkono. Zana ya kufuatisha picha yenyewe inafaa kwa mchoro wenye kingo ovyo, lakini kwa nembo inakupa nodi mamia na mistari inayotetemeka, na JPEG ina vumbi kuzunguka kingo ambalo nalo linafuatishwa. Weka JPEG kwenye tabaka la chini, lifunge, lififishe. Kila umbo la kijiometri lichore kwa zana yake, duara kwa zana ya duara. Mikunjo ichore kwa kalamu ya Bezier ukiweka nodi kwenye ncha za juu, chini, kushoto na kulia za mkunjo, mikono ya nodi ikilala wima au mlalo. Duara linahitaji nodi nne. Ukijikuta na kumi na tano kwenye herufi O, futa uanze tena. Maandishi ya nembo yatafutie fonti yake halisi, kisha yageuze kuwa njia.

Ukimaliza usikimbilie kufunga. Bluu hiyo juu ya nyeusi itazama. #0000FF juu ya nyeusi tupu ina uwiano wa kontrasti wa 2.44:1 kwenye skrini, na C100 M70 juu ya wino mweusi haina nafuu. Tengeneza nembo ya pili, nyeupe yote, ya kutumika kwenye mandharinyuma nyeusi. Mteja apokee zote mbili kama SVG na PDF.

---

kivinjari

Kuhusu kupandisha kipeperushi kama picha, fanya hesabu. A5 ina upana wa mm 148. Ikionyeshwa kwenye simu yenye upana wa pikseli 360 za CSS, maandishi ya pointi 9 yanakuwa chini kidogo ya pikseli 8. Maandishi ya kawaida ya tovuti yanaanzia 16. Kila msomaji atalazimika kuvuta kwa vidole viwili na kusogeza huku na huku kwa kila mstari. Namba ya simu haiguswi ikapiga, anwani hainakiliki, injini ya utafutaji haisomi vizuri, na programu inayomsomea asiyeona haina cha kusoma. Kwa mteja ambaye watu wake wako kwenye simu, hiyo ni kazi iliyopotea.

Jenga ukurasa wenye maandishi ya kweli, chukua kutoka kwenye kipeperushi rangi, picha na nembo tu. Pikseli 16, urefu wa mstari 1.5, herufi 45 hadi 75 kwa mstari kwenye skrini pana. Kwenye kichwa cha HTML usisahau `<meta name="viewport" content="width=device-width, initial-scale=1">`, bila hiyo simu inachora ukurasa kana kwamba ni wa kompyuta halafu inaupunguza. Weka na `lang="sw"` ili kisoma skrini kijue kinasoma lugha gani.

Bluu kwenye tovuti ibaki #0000FF, huku haina tatizo: juu ya nyeupe ina 8.59:1, na WCAG (mwongozo wa kimataifa wa tovuti zinazofikika na wote) inataka 4.5:1 kwa maandishi ya kawaida na 3:1 kwa makubwa. Usichukue ile iliyogeuzwa kuwa CMYK ukairudisha. Angalia zaidi kijivu cha maandishi madogo, ndiko watu wanakoanguka: #999999 juu ya nyeupe ni 2.85:1, haisomeki juani. #767676 inapita kwa shida, 4.54:1, na #777777 inaanguka kwa 4.48:1.

Picha kubwa: toa nakala za upana wa 480, 800, 1200 na 1600 kwa WebP, ubora 75 hadi 80, zote sRGB. JPEG ya CMYK usiipandishe kabisa, kuna programu zinazoionyesha kwa rangi za ajabu. Andika hivi:

`<img src="p-800.webp" srcset="p-480.webp 480w, p-800.webp 800w, p-1200.webp 1200w, p-1600.webp 1600w" sizes="100vw" width="1600" height="1000" alt="...">`

`width` na `height` zinazuia ukurasa kuruka: kivinjari kinatenga nafasi kabla picha haijafika. Kwenye CSS ongeza `max-width: 100%; height: auto`. Picha hii ya juu usiiwekee `loading="lazy"`, ungekuwa unaichelewesha ile inayotakiwa kwanza; hiyo ni ya picha za chini. Na `sizes="100vw"` ni sahihi tu kama picha inajaza upana wote. Ikiwa inakaa nusu ya skrini kwenye kompyuta na umeacha 100vw, kivinjari kitapakua faili kubwa kuliko inayohitajika.

Nembo ni SVG. Ukiipunguza uzito kwa programu, hakikisha `viewBox` haikufutwa, la sivyo haitapanuka wala kusinyaa.

---

kalamu_na_gridi

Asanteni sana, nimepata mwanga. Mawili yamebaki. Picha kubwa niliyo nayo ni pikseli 1600 × 2200, na huenda ikajaza A5 yote pamoja na blidi. Nitafute nyingine? Na @pleti_nne, nyeusi ya C60 K100 ikikutana na kingo za picha, itaonekana mpaka?

---

pleti_nne

A5 na blidi ni mm 154 × 216, kwa hiyo upande mfupi unapata kama pikseli 264 kwa inchi na mrefu kama 259. Inatosha. Ile 300 inatokana na kuzidisha kwa mbili mistari 150 ya raster (vitone vya uchapaji) kwa inchi, na kuanzia mara moja na nusu, yaani 225, picha ya kawaida hutoka vizuri. Nisingeikubali kama ndani yake kuna maandishi au nyaya nyembamba.

Mpaka utaonekana, ndiyo. Nyeusi ya ndani ya picha itakuwa imetengenezwa na wino zote nne, yako ni mbili. Usijaribu kuifanya picha iyeyukie kwenye mandharinyuma nyeusi. Ama ikate kwa ukingo ulio wazi, ama ule mfifio ufanye ndani ya GIMP, picha ijaze upande mzima na nyeusi yote iwe ya picha. Ukichagua hili la pili, maandishi meupe yatakuwa juu ya wino nne, hivyo yapandishe hadi pointi 10 na uyafanye manene.

---

njia_ya_vekta

Niongeze moja kwenye hayo maandishi meupe. Kama ulinakili fremu ya maandishi meusi iliyokuwa imewekwa kuchapwa juu ya rangi ya chini bila kuitoboa, kisha ukaibadilisha iwe nyeupe, mpangilio ule unabaki. Nyeupe haina wino, kwa hiyo maandishi yanatoweka kwenye karatasi huku kwenye skrini yanaonekana vizuri kabisa. Chagua kila fremu nyeupe, uhakikishe inatoboa rangi ya chini, halafu ufungue PDF ya mwisho kwenye kisomaji kinachoonyesha uchapaji wa rangi juu ya rangi kabla hujaituma.