Saluni za Mbeya, mnatuuzia rangi nyekundu halafu mnazisingizia nywele zetu

Wakuu, salaam. Mods naomba uzi huu uachwe ulipo, maana wenye saluni nao wamo humu na ndio ninaotaka wausome.

Kuanzia Mwanjelwa mpaka Kabwe na Mafiati, saluni zimebandika picha za vichwa vyekundu. Nyekundu ya moto, damu ya mzee, unachagua. Unaonyesha picha, unatajiwa bei, unalipa bila kupunguziwa, unatoka unang'aa. Ukiosha mara chache kichwa kimeshakuwa cha chungwa, kikitoka hapo ni kutu, na foronya imekuwa nyekundu kuliko nywele. Rudi sasa ukaulize. Fundi anashika nywele kwa vidole viwili, anakutazama kwenye kioo, anasema: "Dada, nywele zako hazishiki rangi."

Jibu hilo ndilo lililonifanya nifungue uzi. Nimeambiwa mimi. Ameambiwa mdogo wangu Iringa, saluni nyingine kabisa. Wameambiwa wenzangu kazini. Haiwezekani sote tuwe na nywele mbovu, na mafundi wote wawe hawana kosa.

Nyekundu inachuja haraka kuliko rangi nyingi, hilo sibishi. Kila fundi aliyejifunza kazi yake analijua. Ndipo hasira yangu ilipo: analijua, anapokea hela, na hasemi neno.

Kwanza, nani kati yenu aliwahi kuambiwa anapakwa rangi ya aina gani? Ziko mbili kubwa, na tofauti yake ni ya mchana na usiku. Ya kudumu inachanganywa na haidrojeni peroksaidi, ile mafundi wanayoiita developa. Inafungua magamba ya unywele na rangi inajitengenezea ndani yake. Ya muda haihitaji developa. Inakuja ikiwa rangi tayari, inakaa kwenye tabaka za nje, na kila ukiosha kiasi kinaondoka. Nyekundu nyingi zinazowaka ni za aina hii ya pili. Zimetengenezwa ziondoke! Mtu anakutoza bei ya rangi ya kudumu, anakupaka ya kuondoka, halafu anasingizia kichwa chako. Wengine wanaleta bakuli limeshakorogwa huko nyuma, boksi huoni. Ukiomba kuliona unaambiwa unajifanya mjuaji. Vipodozi viko chini ya Shirika la Viwango (TBS) tangu 2019, basi na wale wanaouza rangi ya kupima kwenye vikopo visivyo na jina wajue kuna pa kuwapeleka.

Pili ni blichi. Nywele zetu ni nyeusi tii, nyekundu ya kuwaka haionekani bila kuzipausha kwanza. Sawa. Ila nywele iliyopaushwa ni kama kapu, inapokea upesi na inavuja upesi. Fundi makini anapausha taratibu na developa ya nguvu ya wastani. Mwenye haraka anakamata volyumu 40, yaani peroksaidi asilimia 12, ili akumalize kabla ya mteja anayefuata. Ile volyumu 20 ni asilimia 6. Unaona mwenyewe ni mara mbili. Unywele unabaki na matundu, hata rangi nzuri ya bei haina pa kujishikiza.

Na hili la kuweka dawa na rangi siku moja linanichoma zaidi. Dawa ya kulainisha nywele ni kali mno, pH yake, kile kipimo ambacho namba ndogo ni uchachu na kubwa ni ukali wa magadi, inafika 12 mpaka 14, wakati nywele zinapenda hali ya uchachu kidogo. Inafungua unywele wote na kuudhoofisha. Mafundi wanaojali wanatenganisha kazi hizo mbili kwa wiki mbili au zaidi. Huku kwetu unaambiwa "tumalizie yote leo, dada, usisumbuke kurudi". Kuna dada namfahamu nywele zilikatikia kwenye taulo. Na bado wakamwambia ni zake ndizo dhaifu.

Sitaki hata kuanza habari ya kupima mzio. Rangi nyingi za kudumu zina kemikali iitwayo PPD, inayoweza kumvimbisha mtu uso. Maelekezo yamo ndani ya boksi: paka kidogo nyuma ya sikio au kwenye kiwiko, subiri saa 48. Nani amewahi kufanyiwa hivyo hapa mjini?

Sasa njooni kwenye mambo ambayo ilitakiwa tuambiwe kabla ya kunyanyuka kwenye kiti, hasa sisi wa Nyanda za Juu Kusini.

Maji ya moto. Mwezi wa sita na wa saba huku hakuna anayeoga maji ya baridi, Uyole ndiyo usiseme. Unajimwagia maji ya moto mpaka kichwani, unaiona nyekundu inatiririka kwenye beseni. Unywele ukilowa unavimba na rangi inatoka, na moto unazidisha. Kwa hiyo mwili uoge maji ya moto, kichwa kifunike kofia ya plastiki. Siku ya kuosha nywele tumia maji ya uvuguvugu, suuza kwa ya baridi kadiri unavyoweza kuvumilia. Mara moja kwa wiki inatosha, na baada ya kupaka kaa siku mbili tatu bila kulowesha. Vumbi la kiangazi linakuja, najua. Funga kitambaa.

Jua. Watu wanadhani kwa kuwa kuna baridi basi jua halina nguvu. Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na miale ya urujuanimno inaongezeka kwa takribani asilimia 10 kila unapopanda mita 1,000. Unakaa sokoni kutwa nzima, umevaa sweta, unaona uko salama, kumbe rangi inapauka kichwani. Kitenge au kilemba kinakinga kuliko mafuta yoyote mtakayouziwa.

Sabuni. Sabuni ya kipande ni adui wa rangi, ina magadi. Shampuu za madumu wanazoziongezea maji saluni nyingi zina salfeti kali ya kutoa povu. Soma nyuma ya chupa, chukua isiyo na salfeti. Ya kutibu mba nayo inavua rangi haraka. Na tafadhali, anayewashauri mpake limao mkakae juani anawapausha.

Pasi na draya: punguza joto, pasi isizidi nyuzi 180, na usipitishe kwenye nywele kavu bila kitu cha kuzikinga.

Halafu kuna jambo moja dogo ambalo lingetuokoa sote. Rangi ya muda ileile unaweza kuichanganya kidogo na kondishena ukapaka nyumbani kila baada ya wiki moja au mbili, ukakaa nayo kidogo, ukasuuza. Nyekundu inarudi. Gharama yake ni ndogo sana ukilinganisha na kulipa upya. Mimi nimelijua kwa kusoma mwenyewe, hakuna saluni iliyonitamkia. Wangenitamkia vipi, wakati wanangoja nirudi kulipa?

Ninachotaka siyo miujiza. Fundi anionyeshe boksi. Aniambie ni ya kudumu au ya kuondoka. Aniambie itaanza kufifia lini. Asinipake rangi siku niliyoweka dawa hata nikimbembeleza. Na rangi ikitoka ndani ya wiki mbili kwa kosa lake, airudie bila kunitoza.

Kama yupo fundi wa hivyo, Soweto, Uyole, Tukuyu, au kwa wenzetu wa Iringa pale Miyomboni na Mlandege, muwekeni hapa chini na mtaa alipo, nitakwenda na nitapeleka wengine. Na wewe fundi unayesoma kimyakimya, jibu swali moja tu: mteja wako wa mwisho wa nyekundu, ulimwambia nini kuhusu maji ya moto?