Kizibo cha kioo kimeganda kwenye chupa ya zamani ya Lalique

kioo_na_harufu: Wakuu, chupa ya marashi ya Kifaransa, kitakoni imeandikwa "R. Lalique", jina la mtengeneza vioo wa Ufaransa. Kizibo hakitoki kabisa. Kinafunguliwaje bila kuvunjika? Na hiyo "R." inasema nini kuhusu umri?

Mchanga77: Koleo na maji ya moto, hapana. Kioo kikipata joto la ghafla hupasuka shingoni. Kinachokishika ni marashi yaliyokauka yakawa kama gundi kati ya kizibo na shingo, ambavyo kuta zake zilisagwa zikawa za kukwaruza ili zishikane. Dondosha matone mawili ya spiriti kwenye mshono, chupa ikiwa wima, uache usiku kucha. Kisha gongagonga kizibo taratibu kwa mpini wa mwiko wa mbao, huku na huku, ndipo ukizungushe. Kikigoma, rudia, siku tatu si nyingi. Spiriti isiguse lebo, inatoa wino.

shingo_ndefu: Kabla ya yote: shingoni kuna uzi na utando mwembamba kama ngozi ya kitunguu? Kama upo, acha kabisa. Huo ndio ufungaji wa kiwandani, na ukishakatwa thamani imeondoka.

"R." ilitumika hadi René Lalique alipofariki 1945, baadaye ikabaki "Lalique" bila "R.". Ila saini yoyote mtu anaweza kuichonga leo.

Mchanga77: Kweli. Kikitoka, angalia namba: viwanda kadhaa viliandika namba moja kwenye kizibo na chupa yake, kwa sababu vilisagwa pamoja. Zikitofautiana, kizibo ni cha kuazima.