Frozen Four Las Vegas: nilipe tiketi sasa wakati timu hazijajulikana?

MamaZuhura, Grand Forks
Wakuu, habari za jioni. Mwanangu anasoma University of North Dakota, na tangu alipoanza kunipeleka kwenye mechi za hoki ya barafu nimenogewa. Sasa anataka twende Las Vegas kwenye Frozen Four, yaani nusu fainali na fainali za hoki ya vyuo vya Marekani, tarehe 9 na 11 Aprili 2026. Tiketi zinauzwa tayari na timu nne hazijajulikana! Nikilipa halafu yetu isifike? Na ndani kuna baridi kiasi gani? Mimi mtu wa Tanga, mifupa haijazoea mpaka leo.

Kijana_wa_BrooklynPark
Dada, nilikwenda Saint Paul 2024, Denver walipowafunga Boston College 2-0. Mimi si shabiki wa chuo chochote kati ya hivyo viwili na nilifurahi sana. Sweta moja inatosha, ila ukikaa safu za chini karibu na barafu chukua na soksi nzito.

Mzigua_Kalamazoo
Dada, nenda. Mimi nilinunua ya St. Louis 2025 mapema, wakati Western Michigan, timu ya mji wangu, ilikuwa haijawahi kufika nusu fainali hata siku moja. Mashindano yanaanza na timu 16, ukifungwa mara moja umetoka. Kwa hiyo anayesubiri timu yake ipite anabaki na siku kumi na kitu za kutafuta usafiri na chumba, bei zimeshapanda. Chukua hoteli inayokubali kufutwa bila kukatwa pesa. Niliyoichukua mimi haikurudisha hata senti ndugu yangu alipoahirisha.

Tuliendesha gari karibu saa saba. Alhamisi saa kumi jioni tukacheza na Denver, mabingwa watetezi. Tulikuwa mbele 2-0, kipindi cha tatu wakarudisha yote mawili. Muda wa nyongeza wa kwanza, dakika 20, hakuna bao. Jirani yangu alikuwa mzee wa Denver, jezi nyekundu iliyochakaa viwikoni, na kila kipa wake alipookoa alikuwa anagonga goti lake kwa kiganja mara mbili, pa pa. Nyongeza ya pili ilipoanza tu, Owen Michaels wetu akafunga, mechi ikaishia hapo. Mzee akakaa kimya, akavua kofia, akanipa mkono: "Jumamosi mshinde." Jumamosi nikamkuta kiti kilekile, amebaki, anashangilia upande wetu. Tukawapiga Boston University 6-2, ubingwa wa kwanza katika historia ya chuo. Nililia, sioni haya kusema.

Ndiyo maana nakwambia usiogope kwamba timu yako haitafika. Ijumaa hakuna mechi, na mjini utakutana na jezi za Maine, Cornell, Minnesota, vyuo ambavyo havimo kabisa, na kila mtu anakuuliza umetoka wapi. Bendi za wanafunzi ndizo zinazonikosha mimi, zinapiga karibu kila mchezo unaposimama. Viti: ukiwa juu kidogo, pembeni, unaona jinsi wanavyojipanga. Nyuma ya goli unatazama kupitia wavu, na kile kisahani cheusi wanachokipiga kinapita kasi usiweze kukifuata.

MamaZuhura
Asante sana kaka. Zuhura amesoma hapa begani kwangu anaruka. Swali moja: kama North Dakota wakifika wakafungwa Alhamisi, nitaiuza ya Jumamosi?

Mzigua_Kalamazoo
Wengi huuza, na ndipo wengine wanapopata tiketi ya fainali kwa bei nafuu nje ya uwanja. Wewe usiuze. Baki kama yule mzee. Ila angalia vizuri tiketi uliyonunua, ya pamoja inabeba mechi zote tatu, nusu fainali mbili na fainali. Na Alhamisi usipange kitu usiku: mechi ya kwanza ikienda nyongeza, ya pili inasogea mbele, sisi tulitoka usiku mkubwa na watoto wamelala mabegani.

MamaZuhura
Nimelipa. Mbili, juu, pembeni.