Testi ya kiti cha boti inanisubirisha dakika 15, nifanyeje?

mwana_wete
Assalam alaykum wadau. Nnaandika kwa Python programu ya kukata tiketi za boti, Mkoani kwenda Unguja. Mteja akichagua kiti tunamshikia dakika 15 alipie kwa simu, asipolipa, kinaachiwa. Kwenye testi (programu ndogo ya kuikagua hiyo kubwa) nimeweka time.sleep, amri ya kuifanya programu isubiri, ya sekunde 900. Jana nimeiwasha, nikaenda kuswali laasiri, narudi umeme hakuna. Nikaushusha muda wa kushikilia uwe sekunde 2. Laptopu yangu inapita. Kompyuta kuukuu ya ofisini mara inapita, mara inafeli, na sijagusa kitu. Niongeze sekunde?

fundi_darajani
Waalaykum salaam. Usiongeze hata moja. Fanksheni yako (kile kipande cha programu kinachoamua kiti kiachiwe) inachungulia saa yenyewe, na hapo ndipo penye ugonjwa. Inyang'anye saa: ipokee "sasa" kama parameta, yaani kitu unachoipa unapoiita. Kazini unaipa datetime.now (saa halisi ya kompyuta), kwenye testi unaipa saa uitakayo. Kiti kimeshikwa saa 4:00 asubuhi. Iulize saa 4:14 na sekunde 59, halafu iulize saa 4:15 kamili. Hapo kamili kiti ni cha nani? Swali hilo sleep haikuulizi.

bi_seva
Sawa, lakini kama datetime.now zimetapakaa msimbo mzima, anza na freezegun, maktaba ya Python ya testi: unaigandisha saa, unaisogeza kwa amri ya tick. Mie iliniuma mara mbili. Haiigusi time.sleep, kwa hiyo sleep uliyoisahau italala usingizi wake wote. Na haifiki kwenye hifadhidata: ukiandika NOW ("sasa") ndani ya SQL, lugha ya kuiuliza hifadhidata, basi hifadhidata kama PostgreSQL inafuata saa yake, haina habari na mchezo wako. Siku nzima ilinipotea hapo. Wakati upeleke kutoka Python.

mwana_wete
Nimefuata la fundi, zilikuwa fanksheni tatu tu. Testi zote sasa hazimalizi sekunde. Ile ya saa 4:15 kamili ilifeli papo hapo: niliandika > (zaidi ya) badala ya >= (zaidi ya au sawa na).

Nikapata hamu, nikajaribu na saa 7 usiku. Kumbe seva iko UTC (saa ya kimataifa), sisi tuko masaa 3 mbele, kwa hiyo "leo" yake inaanza saa 9 usiku. Wateja wanaokata tiketi baada ya saa 6 usiku walikuwa wakilalamika wanapewa boti ya jana, na mie nikiwajibu waangalie tarehe vizuri.

bi_seva
Waombe radhi, sheikh.