Tupeane uzoefu: kazini kwenu walifanya nini kuhusu afya ya wafanyakazi, kikadumu?

Mzee wa Zamu

Wakuu, habarini za jioni. Mimi ni afisa utumishi kwenye kiwanda cha plastiki hapa Dar. Menejimenti imetenga fungu la afya na ustawi wa wafanyakazi kwa mwaka ujao na kalamu nimepewa mimi. Mkurugenzi ana wazo lake tayari: bonanza. Fulana za rangi, kuvuta kamba, kukimbiza kuku, muziki, nyama choma, bia mbili kila kichwa. Tumeshafanya hayo. Jumapili watu wanafurahi, Jumatatu nina rundo la ED mezani, zile karatasi za daktari za kumpumzisha mtu kazi, na kiuno cha mama wa kufungasha kiko palepale, maana anasimama zamu nzima juu ya zege.

Nadharia sizitaki, zimejaa kila kona. Nataka mtu aniambie: kwetu walifanya hiki, kikashika, au kilikufa, na kilichokiua ni hiki.

Naanza na changu. Kilichodumu kwetu ni mitungi ya maji ya kunywa. Zamani bomba lilikuwa karibu na geti, na mtu wa mashine akitaka kunywa anaomba ruhusa kwa msimamizi. Tukaweka mtungi kwenye kila laini. Wasimamizi walipiga kelele kwamba sasa watu watashinda chooni. Chooni wanakwenda kweli, na mzigo unatoka kama kawaida. ED za kichwa na za UTI kwa akina dada nazipokea chache kuliko zamani. Haya, karibuni.

Dada wa Kaunta

Benki, Kanda ya Ziwa. Kwetu ilikuwa siku ya upimaji. Mwaka wa kwanza waliweka meza ukumbini, mzani katikati. Unapanda mzani mbele ya meneja, mbele ya mlinzi, na anayepima anataja kilo kwa sauti ili mwenzake aandike. Mwisho wa siku meneja akapelekewa orodha yenye majina na vipimo vyote. Kikao kilichofuata akaanza utani: fulani punguza chapati, presha itakuondoa. Watu wakacheka, na mwenyewe ikabidi acheke. Mwaka uliofuata, siku ya upimaji ilipofika, nusu ya tawi walikuwa na misiba.

Aliyerudisha watu ni mwakilishi wetu wa chama cha wafanyakazi. Alikwenda na masharti yake: chumba chenye mlango unaofungwa, kila mtu aondoke na kadi yake mkononi, na ofisi ipewe idadi tu, wangapi wamepimwa na wangapi wameandikiwa rufaa. Majina hapana. Mimi sukari yangu iligundulika hapo. Bosi hajui mpaka leo na sioni kwa nini ajue. Ninachohitaji kwake ni ruhusa ya asubuhi moja kwenda kliniki, na siku hizi inatolewa bila mtu kuulizwa "unaumwa nini hasa?"

Muuguzi wa Viwandani

Dada hapo juu kasema kweli tupu. Nafanya kazi hizi za kuzunguka maofisini na viwandani, na mara nyingi kabla sijafungua begi afisa mmoja ananivuta pembeni: "Ukimaliza niletee majibu yao." Namjibu kwamba majibu ni ya mwenye mwili.

Halafu kuna kupima kwa papara. Mtu kapanda ngazi ghorofa tatu, anafungwa mashine mkononi hapo hapo, ikisoma juu anaambiwa ana presha. Akae kwanza dakika tano, mgongo umeegemea, miguu chini, mkono juu ya meza. Ikisoma 140/90 au zaidi, arudiwe siku nyingine kabla hajaitwa mgonjwa.

Mzee wa Zamu, usichanganye upimaji huu wa hiari na ule unaodaiwa na Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003, ile wanayoisimamia OSHA, wakala wa serikali wa usalama kazini. Ule unafuata kazi ya mtu: wa mashine za kelele anapimwa usikivu, wa vumbi anapimwa mapafu, anapoingia kazini, akiwa kazini na anapoondoka. Kiwanda cha plastiki hakikosi kinu cha kusagia mabaki. Anayesimama pale ana vifaa vya kuziba masikio? Anza na huyo, kuku mtakimbiza baadaye.

Mlinzi Mkuu

Sisi walinzi tulipewa kiti. Sitanii. Kampuni ilikuwa inaamini mlinzi akikaa atalala, kwa hiyo tunasimama getini saa kumi na mbili mfululizo. Mteja mmoja, mwenye jengo, akaona mzee wetu miguu imevimba akanunua viti kwa hela yake. Bosi alinuna, ila mteja ndiye analipa. Ukitaka kulala utalala hata umesimama.

Bi Kishona

Mie niko Mombasa, kiwanda cha nguo. Kwetu Kenya, Sheria ya Afya ya 2017 yamtaka mwajiri atenge mahali pa mama kunyonyesha au kukamua maziwa. Chumba kikatengwa. Kiti kizuri, sinki, friji ndogo, pazia, na picha ya mtoto wa kizungu ukutani. Wakubwa wakaja wakapiga picha. Miezi ikapita hakuna mtu aingiaye. Wakaanza kukiwekea maboksi ya vifungo na zipu, kisha wakasema akina mama wa hapa wamezoea maziwa ya kopo.

Hakuna aliyeuliza habari ya vipande. Mshonaji ana idadi yake ya kila saa. Ukinyanyuka, kazi yarundikana kwenye cherehani yako, wa mbele yako hana cha kushona, na bonasi ya laini nzima yapungua. Sasa nambie, nani ataenda kukaa kwenye kiti kile huku wenziwe wamkodolea macho? Maziwa yatuchuruzika, twaweka kitambaa kifuani, twashona.

Akaja msimamizi mpya, naye ana mtoto mchanga. La kwanza alilofanya ni kuweka mshonaji wa akiba anayezunguka laini zote. Mama akitoka, yule ashika cherehani. La pili, akaenda kupigana huko juu hadi idadi ya vipande ya mama anyonyeshaye ikashushwa kwa muda ule awapo chumbani, isihesabiwe kwa laini. Hakutoa hotuba hata moja. Maboksi yakatolewa, na sasa twapangiana zamu za kuingia. Picha ya mzungu bado ipo, hiyo twamsamehe.

Mzee wa Zamu

Bi Kishona, hapo kwenye vipande umenishika pabaya. Huku kwetu Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini inampa mama hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha. Nimefungua ratiba yetu ya zamu sasa hivi, sioni saa hizo zilipoandikwa.

Mtumishi wa Dodoma

Mimi naitetea michezo kidogo, maana naona inasemwa vibaya. Mwishoni mwa 2016 Mama Samia, akiwa Makamu wa Rais, alipozindua kampeni ya kupambana na magonjwa yasiyoambukiza, Jumamosi ya pili ya kila mwezi ikawa ya mazoezi. Ofisini kwetu tulitoka wote, hadi wazee wa masjala. Ikapungua, ikapungua, tukabaki wale ambao hata isipotangazwa tungekimbia.

SHIMIWI, ile michezo ya watumishi wa wizara na idara za serikali, ni hadithi nyingine. Timu ya kamba ya wizara inafanya mazoezi haswa, wanakula vizuri, wanapewa ruhusa na posho. Lakini angalia wanaochaguliwa: ni walewale wenye miili ya kazi. Sisi wenye vitambi tunakwenda kushangilia, na kushangilia kwenyewe kunaendana na supu na chapati tatu.

Kilichonisaidia mimi ni kidogo mno. Mkuu wetu wa kitengo aliamua vikao vya watu wawili au watatu vifanyike tukitembea kuzunguka eneo la ofisi, jioni jua likipoa. Hakuna fulana wala bajeti. Hasara yake ni moja: hakuna anayeandika muhtasari.

Mpishi wa Ofisi

Naomba niseme upande wa chakula, mimi ndiye mama ntilie mwenyewe, nina tenda ya kulisha wafanyakazi wa karakana moja Arusha. Waliletwa wataalamu wa lishe wakatoa somo, kesho yake nikapewa orodha: chipsi marufuku, soda marufuku, ugali wa dona, mchicha, maharage, tunda. Nikapika. Saa saba vijana wakapita mbele yangu wakaenda kwa muuza chipsi nje ya geti. Sufuria la maharage nikarudi nalo nyumbani, na hasara ni yangu, mtaalamu kashaondoka.

Nikamfuata meneja nikamwambia, baba, hawa watu wanabeba vyuma, ukiwaandalia sahani ya mgonjwa watakukimbia. Tukakubaliana hivi: chipsi zibaki, ila kampuni isizichangie hata senti. Sahani ya dona, maharage, mboga na ndizi kampuni inachangia nusu. Mafuta nikapunguza mwenyewe kimyakimya, nikaongeza tangawizi, karoti na nazi kidogo kwenye maharage, maana mboga ikikosa ladha hata mimi siili. Chumvi nikaiondoa mezani, anayetaka anakuja kuomba. Uvivu wa kunyanyuka umefanya kazi kuliko lile somo. Wa chipsi bado wapo, ila dona sasa inakwisha kabla ya saa nane.

Kijana wa Ruwi

Salaam kutoka Muscat. Huku sheria ya kazi za juani ni ya tarehe: kuanzia Juni hadi Agosti, saa sita na nusu mchana hadi saa tisa na nusu alasiri hakuna kazi kwenye jua. Nilipofika nilidhani ni karatasi tu, kumbe wakaguzi wanakuja.

Ila saa tatu za kupumzika unazipumzikia wapi? Site yetu ya kwanza tulikuwa tunalala chini ya lori. Kivuli kipo, joto lilelile. Site ya pili wakaweka kontena lenye kiyoyozi, maji baridi na chumvi za kuchanganya, kazi ikaanza kabla ya jua kuchomoza. Tofauti ya site hizo mbili niliiona kwa macho: kwenye ya kwanza jamaa walikuwa wanaanguka, ya pili nimeona mtu kizunguzungu tu, akaingizwa ndani akamwagiwa maji. Wenzetu mnaokuja Ghuba, kwenye mahojiano msiulize mshahara peke yake. Ulizeni mnapumzikia wapi mchana.

Mrundi wa Kigali

Hapa Rwanda, tangu Januari 2023 saa za kazi ni tatu asubuhi hadi kumi na moja jioni. Nampeleka mtoto shule mwenyewe, nalala zaidi. Kuna pia Jumapili ambazo barabara zinafungwa magari, watu wanakimbia, na hapo hapo unaweza kupimwa sukari na presha bure. Hii si ya ofisi, lakini ofisi yetu yote tunakutana huko, bosi naye yumo ndani ya bukta. Ukimwona hivyo unamwogopa kidogo tu Jumatatu.

Simu Usiku

Mimi naomba tuongelee kichwa, siyo kiuno. Idara yetu ina grupu la Wosapu. Bosi wa zamani alikuwa anatuma saa tano usiku: "Nani ana ile ripoti?" Usipojibu asubuhi unaulizwa. Nilikuwa nalala na simu mkononi, naamka saa nane kuangalia. Wakaleta mshauri nasaha, mtu mwema kabisa, akatufundisha kuvuta pumzi. Tukavuta, na saa tano usiku meseji ikaingia.

Alipokuja bosi mama wa sasa, alitangaza kuwa baada ya saa moja jioni grupu linafungwa, ye mwenyewe ndiye admini, analifunga kweli. Kukiwa na dharura anapiga simu. Kapiga mara chache sana, mara zote kulikuwa na dharura.

Mtumishi wa Dodoma

Simu Usiku, huyo mama anaweza kuhamishiwa kwetu?

Mzee wa Zamu

Nimewasoma wote. Bonanza siwezi kuliua, fulana zimeshaagizwa, ila mkurugenzi amekubali lisile fungu lote. Naandika mtu wa akiba kwenye kila laini, upimaji wa usikivu, na chumba chenye mlango siku ya vipimo. Kwa kina mama wa kufungasha nataka kitu cha kukanyagia juu ya zege. Fundi anasema tukate mpira wa konveya chakavu. Muuguzi, unafaa?

Muuguzi wa Viwandani

Ule mgumu, hauna tofauti kubwa na zege, tena ukiingia mafuta unateleza. Tafuta mkeka wa mpira wenye sponji ndani, kingo zake ziwe zimechongwa ili mtu asijikwae. Weka na vistuli virefu, wapokezane kukaa na kusimama, mkeka peke yake hautoshi. Kabla hujanunua pima urefu wa meza ya kufungashia. Ikiwa fupi wataendelea kuinama, na kiuno kitauma hata wakisimama juu ya godoro.

Mzee wa Zamu

Meza ziko mbili, na moja ni fupi kweli. Kesho nakwenda na futi.